Mtoto wa Kangaga la Bibi Masu

Senju, Tokyo
18 Machi 1957

Kwa mpwa wangu Orie,

Mimi mjomba wako Torakichi, fundi mikeka ambaye toka daraja la Senju mpaka macho yanapokoma hajapatikana wa kumshika mkono, ni mzima. Mkaza mjomba wako Hatsu naye ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Siku ya arobaini na tisa tangu Bibi yako Masu afariki imepita vizuri. Mtawa alisoma sala mpaka wenzangu wote wakafa ganzi miguu, mimi sikusogea hata kidole. Walikuja watu mia mbili. Hatsu anasema thelathini na mmoja, lakini Hatsu alikuwa jikoni, ataonaje watu?

Pole sana kwa theluji iliyozuia treni, dada yangu akashindwa kuja kumzika mama yake. Mwambie hakukosa kitu, kila kitu nilikifanya mimi.

Barua yako imefika. Kumbe katika vitu vyote vya nyumba hii mama yako hataki kimono, hataki sanduku la kafuri, hataki hata kioo. Anataka mtoto wa lile kangaga la Bibi tu, lile la kwenye kigome, ambalo ncha za majani yake zimepasuka kama upanga wa jogoo. Na anataka kuliona kabla macho yake hayajafifia kabisa. Orie, hilo ndilo ombi? Babu yako alilibandua kwenye paa la nyasi la hekalu kabla mimi sijazaliwa, na Tokyo nzima hakuna la pili. Watu wanakuja kulitazama kutoka mbali. Juzi amekuja Ogata, kinyozi wa hapa jirani, akainama juu yake huku kamasi linaning'inia puani, linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, nikakosa hamu ya chakula mpaka usiku. Nikamfukuza.

Mwambie dada mtoto atapatikana. Mimi nina mkono wa mimea, fimbo nikiisahau ardhini inachipua. Ila kwa sasa kangaga limepumzika. Makangaga hupumzika baada ya msiba, kila mtu anajua.

Mjomba wako,
Torakichi


Otaru, Hokkaido
9 Aprili 1957

Mjomba, shikamoo.

Huku theluji imeanza kuyeyuka, na kila kilichozikwa chini yake tangu Novemba kimefufuka kwa harufu: vichwa vya samaki, viatu, paka wawili. Kwenda shuleni ninaziba pua kwa leso. Mama hajambo. Anashona kama kawaida, ingawa uzi siku hizi ninamtungia mimi.

Nafundisha sayansi huu mwaka wa tano, na sijasoma popote kwamba makangaga hupumzika baada ya msiba. Lakini tuseme limepumzika. Mvua za Juni zikianza litaamka. Mama anasema Bibi alikuwa akifanya hivi: anakata kipande cha lile shina linalotambaa, urefu wa kidole, chenye majani matatu, anakifunga kwa uzi wa katani juu ya gome bichi, na kuvumwani kidogo chini yake, anakiweka kivulini na kukinyunyizia maji kwa mdomo. Ukishindwa kwa mdomo, tumia chupa. Mama anasema heri chupa, kwa kuwa unavuta tumbaku.

Ananiuliza kila Jumapili kama umeandika.

Orie


Senju
27 Juni 1957

Mpwa wangu Orie,

Usiniulize kwa nini nimekaa kimya. Huku kuna joto la maji maji, mikeka inaota ukungu kabla hata sijaishona, na Hatsu ametokwa na upele mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja, japo yeye anapataja kwa wateja.

Nilichelewa kwa sababu ya koa. Orie, niliapa sitaandika neno hilo. Alikuja na mvua za kwanza, koa mmoja, urefu wa kandambili, mgongo wake una madoa kama mzee wa bafuni. Nilifungua mlango asubuhi nikakanyaga ute wake, nikateleza kutoka mlangoni hadi chooni bila kupiga hatua hata moja. Ule ute ukaingia katikati ya vidole. Nimevisugua kwa majivu, kwa pombe ya sake, kwa brashi ya kukoshea mikeka, na hadi leo nikivaa soksi nausikia. Nikapigana naye. Watu wa mtaa mzima walitoka kutazama. Nikimshika huku ananiponyoka kule, yaani kama kushika ulimi wa ng'ombe. Mwishowe nikamshinda, lakini alishalitafuna kangaga kidogo.

Usiwe na wasiwasi. Mtoto nimempata, nimemfunga kwenye gome, nimemtia katika kopo la majani ya chai, huyo hapo anakuja. Ncha zake zimepasuka sawasawa na za mama yake, pengine zaidi. Mwambie dada asilishikeshike. Ni la kutazama tu, kwa mbali.

Torakichi, mwenye mkono wa mimea


Otaru
6 Julai 1957

Mjomba,

Shikamoo utaipata mwisho wa barua kama bado nitakuwa nayo.

Kopo lilifika Jumanne. Mama alinawa mikono, akavaa aproni safi, akakaa karibu na dirisha. Halafu akalishika. Umesikia, Mjomba? Hakulitazama, alilishika. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya jani la kwanza, la pili, la tatu. Akaniambia, "Orie, leta pua yako. Linanuka nini?"

Nikanusa. Linanuka mafuta ya nywele.

"Tora amelinyoa," Mama akasema. "Ametoa kangaga kwenye paa la yule kinyozi, akalikata ncha kwa mkasi wa kucha. Tangu ana miaka saba yuko hivyo hivyo. Aliwahi kumpaka paka masizi akamuuza kwa jina la mnyama wa milimani."

Kisha akanipa kopo, akaenda kulala saa nane mchana.

Mimi nilitazama kwa lenzi ya shuleni. Kishungi cha kweli, ile ncha kama upanga wa jogoo, hupasuka kufuata mshipa wa jani. Hivi vimekatwa kukatisha mshipa, na kingo zimekuwa nyeusi kama kucha iliyobanwa na mlango. Nina kichefuchefu siku ya tatu leo, na si kwa sababu ya samaki. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekusimamisha nje. Mama ana miaka hamsini na minane, hajaomba kitu kwenu tangu alipoolewa, akaomba jani, ukampelekea nywele za Ogata.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo nijibu swali moja: kangaga la Bibi li hai au limekufa?

Kama limekufa, usitupe majani. Yageuze. Chini yake kuna vidoa vya kahawia, safu mbili, kama vifungo vya koti. Ndani ya kila kidoa kuna vumbi, na kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu.

Shikamoo.

Orie


Senju
21 Julai 1957

Orie,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa hasira. Kunyoa, mimi? Mimi niliyeshona mikeka ya nyumba ya waziri, nikaacha sindano ndani kwa makusudi kwa kuwa alinisalimia vibaya? Ni Hatsu aliyelitoa kwa Ogata. Mkasi ulikuwa wa Hatsu. Mkono ndio ulikuwa wangu, lakini wazo lilikuja lenyewe.

Bibi yako alirudi kwa Bon lake la kwanza, sikukuu ya wafu kurejea nyumbani, wiki iliyopita. Tuliwasha moto mlangoni kumwonyesha njia, tukamwekea tango lenye miguu ya vijiti apande kama farasi. Hatsu alinitazama mimi, kisha akatazama juu ya kabati la viatu, pale kangaga lilipokuwa likikaa. Hakusema. Kwa Hatsu kutosema ni matusi.

Sawa. Limekufa kidogo. Ni koa, nimeshakueleza. Walikuwa wawili, sikutaka kukutisha.

Majani makavu Hatsu alikuwa ameyatupa juzi tu, katika kufagia nyumba. Kwa ajili ya dada yangu niliingia kwenye pipa la taka la mtaa mpaka kwapani. Unajua kuna nini kwenye pipa la taka la Senju mwezi wa Julai? Kuna vichwa vya samaki wa bonito vinavyotembea vyenyewe kwa funza. Kuna figili iliyochachushwa ikachachuka ikaanza tena upya. Kuna bandeji ya mtu, na mtu mwenyewe simjui. Nikatoa majani manne. Mawili nimeyakunja kwenye karatasi hii, mawili nimeyaacha huku kama kumbukumbu ya ushujaa wangu. Nimeoga mara sita. Mwenye bafu la mtaa ameniomba nisirudi mpaka Ijumaa.

Torakichi


Otaru
2 Agosti 1957

Mjomba, shikamoo.

Nashukuru kwa majani, na kwa pipa. Hilo la pipa naliamini, maana karatasi yenyewe ilithibitisha.

Niliyaweka majani kwenye karatasi nyeupe ili vumbi lianguke. Lilianguka, la manjano, kidogo sana, kama poda kwenye kola. Lakini pamoja nalo zilianguka chembe nyeupe zenye pembe. Nikadhani ni ukungu uliokauka. Nikafuta kwa kidole, na bila kufikiri nikalamba kidole ili nifungue ukurasa wa kitabu. Nilitema mpaka koo likauma, nikikumbuka bonito wako. Lakini ulimi ulikuwa umeshajua. Ni chumvi.

Nilimwambia Mama. Aliweka kikombe cha chai chini.

"Chumvi ya mlangoni," akasema.

Tunaijua sote. Mtu akitoka kuchoma maiti, kabla hajaingia ndani anajirushia chumvi kidogo mabegani ili mauti yasimfuate nyumbani. Vijikaratasi vinagawiwa, kila mtu na chake, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Na kangaga lilikuwa pale pale juu ya kabati la viatu, kando ya mlango. Lakini chumvi ya kijikaratasi haiwezi kuua hata huyo koa wako. Majani haya yamechumviwa kama samaki wa mwaka mpya.

Mama amenituma maneno mawili, na nayaandika alivyoyasema.

La kwanza: "Muulize Tora, alimwogopa mama yetu kiasi gani hata akamtia chumvi kama samaki?"

La pili: "Ameliua, atalilea. Si mimi, si wewe. Yeye."

Basi vumbi nakurudishia kwenye karatasi hii nyeusi, na wewe kung'uta yale majani mawili. Chemsha kuvumwani, chemsha na udongo, vyote robo saa, la sivyo kitaota kila kitu isipokuwa kangaga. Acha vipoe ndani ya bakuli. Nyunyiza vumbi juu yake, usilifukie. Funika kwa kioo. Weka jikoni penye joto, mbali na jua. Udongo usikauke hata siku moja, maana mbegu hizi hazioti moja kwa moja. Kwanza hutoka utando wa kijani. Kwenye utando huo kuna wake na waume, na waume huogelea kwenye maji kuwafuata wake. Pasipokuwa na maji hapana ndoa.

Usiguse. Usisafishe. Ngoja.

Orie


Senju
30 Novemba 1957

Mpwa wangu,

Huku baridi imeingia, mikono imepasuka, Hatsu amehamishia sufuria zake barazani na kusema harudi jikoni mpaka nichague kati yake na bakuli. Ndiyo habari za nyumbani.

Nimechukia kazi nyingi maishani. Niliwahi kung'oa mikeka chini ya mtu aliyekaa wiki tatu amekufa peke yake, na nilikula chakula changu cha mchana palepale. Lakini kitu hiki, Orie, kimenishinda tumbo. Wiki ya nne bakuli liliota utando. Kijani, unang'aa, umelowa, kama kohozi la farasi mgonjwa. Nikasema hii si mbegu, hili ni bakuli chafu. Nikachukua brashi nikasugua mpaka bakuli likang'aa. Hatsu akasimama nyuma yangu.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza."

"Sasa soma tena barua ya Orie. Pale alipoandika usisafishe."

Nikakaa chini. Vumbi lilikuwa limebaki kidogo sana, lile lililoshika kwenye mkunjo wa karatasi. Nikaanza upya, siku ya kumi Septemba.

Sasa utando umerudi. Nimeuinamia kwa kioo cha Ogata cha kukuzia chunusi. Ni vigamba vidogo, umbo la moyo, vimelaliana migongoni, vimetoa vijinywele chini kama kidevu cha mwanamke mzee. Nami najua wanachofanya humo ndani. Waume wanaogelea, Orie, mezani kwangu, shibiri moja kutoka mchuzi wangu wa miso. Kila asubuhi nawaongezea maji ya kuogelea, mimi mwenyewe, kwa kijiko, nimegeuza uso pembeni kama mlinzi wa danguro. Halafu nakaa kula, na mwani ndani ya mchuzi unanitazama. Nimepungua kilo nane. Hatsu anasema moja.

Sasa lile swali la dada. Nimeandika barua hii mara nne nikiliruka.

Pale pa kuchomea maiti, unajua, tunasimama wawili wawili na vijiti, tunaokota mifupa, tunaipeleka kwenye chungu, kuanzia miguu kwenda juu. Mimi ndiye mwana, nikaanza. Kwa mwanangu asiyezaliwa naapa sijatia chumvi katika hili. Mfupa wa mguu wake ukaponyoka, ukaanguka sakafuni, ukavunjika vitatu. Ulilia kama kikombe. Watu wote walisikia. Ogata alikuwepo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naisikia sauti ile. Tulipofika mlangoni niliwapa wengine vijikaratasi vyao, mimi nikaingia kwa mlango wa jikoni nikatwaa mtungi wote wa chumvi, ile ya kuchachushia figili. Nikajimwagia kichwani, mabegani, mgongoni. Nikaurushia mlango. Nikarusha juu, nikarusha ndani, kama wapiganaji wa mieleka ya sumo warushavyo chumvi ulingoni, na watu wakacheka, wakadhani ni yale yangu ya siku zote, nami nikawaachia wacheke. Kesho yake nikalinyunyizia kangaga maji, na kesho yake, chumvi ikazidi kuzama. Wiki tatu baadaye nililishika likabaki mkononi.

Kwa hiyo mjibu dada: nilimwogopa sana. Mama yangu mwenyewe, aliyeninyonyesha. Nikifikiria kwamba nilimfungia mlango kwa mtungi wa figili, koa si kitu, utando si kitu. Kinachonitia kinyaa nyumbani humu ni mimi.

Hakukuwa na koa wowote. Mmoja mdogo tu, mwezi wa Juni, akapita zake.

Torakichi


Otaru
15 Desemba 1957

Mjomba, shikamoo, na safari hii naiweka mbele.

Theluji imefika dirishani. Nimemsomea Mama barua yako jikoni. Pale pa waume kuogelea alicheka mpaka akashika meza. Pale pa mfupa akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena."

Kisha akasema, "Mwandikie Tora kwamba mimi ningedondosha chungu chote."

Baadaye kidogo akasema, "Na mama angesema tumechelewa nini kuokota."

Nami nina la kwangu nililoliruka. Niliandika kwamba Mama anashona. Hashoni tangu Machi. Jicho la kulia lilizimika kabla hujaandika barua ya kwanza, la kushoto linaona mwanga wa dirisha, basi. Hakutaka mjue, kwa kuwa alijua ungekuja na maneno mengi. Kwa hiyo usiharakishe kwa ajili ya macho. Vidole anavyo vya kutosha.

Vigamba vikiwa vinagusana, usivibandue. Baridi ikizidi, viweke karibu na jiko, si juu yake. Mwambie mkaza mjomba Hatsu nampa pole ya jiko lake.

Vikitoka vijani, vyote vitakuwa sawa mwanzoni. Kishungi hakirithiwi na kila mtoto. Pengine mmoja katika thelathini, pengine hapana hata mmoja. Nakwambia mapema usije ukatafuta mkasi.

Orie


Senju
19 Oktoba 1958

Dada Fusae,

Orie akusomee polepole. Safari hii sina mengi.

Hatsu ni mzima, mimi ni mzima. Vimetoka vijikangaga sitini. Hamsini na nane ncha zake ni butu kama za kangaga la paa la choo chochote. Viwili, ncha zimepasuka. Nilikaa tangu Agosti bila kukwambia, nikiogopa ni ugonjwa. Si ugonjwa. Kila jani jipya linakuja limepasuka, kufuata mshipa. Nimetazama kwa kile kioo cha Ogata, na Ogata mwenyewe ametazama, baada ya kupenga.

Viwili vyote vimo kwenye sanduku hili, kila kimoja na kigome chake. Hatsu alisema kimoja kibaki, ni haki ya nyumba. Nikamwambia nyumba hii ilishapewa lake, ikaliua. Ukivishika anzia chini, majani bado ni mororo.

Hivi hamsini na nane havina kazi. Ogata havitaki hata bure. Viko jikoni, vimejaa mabakuli matatu na sufuria ya wali, vinanuka kama soksi ya postamasta, na chini yake ule utando bado unaendelea na mambo yake. Kila asubuhi vinanitapisha roho. Hatsu anauliza vitatupwa lini.

Nimeshavipa maji ya leo.

Mdogo wako,
Torakichi